Maiti naielewa ila siti skani inanitoa jasho, nyie mnasomaje?

mwaka_wa_pili: Wadau habari zenu. Mezani kwenye maiti nakamata kila kitu, mishipa nataja mpaka ile midogo, sasa jana mwalimu katuwekea siti skani (zile picha za eksirei za mwili kipande kwa kipande) ya tumbo ukutani akaninyooshea kidude kikubwa upande wa kushoto, nikajibu wengu tena kwa kujiamini kabisa, darasa zima kicheko, kumbe ini. Hizi picha mtu anazisomaje jamani?

kivuli_cheusi: Pole sana, hapo tumeanguka wengi. Ile picha unaiangalia kana kwamba mgonjwa kalala chali na wewe umesimama miguuni kwake unamchungulia kuelekea kichwani, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako, uti wa mgongo uko chini. Mlaze mwenzako kitandani usimame miguuni uone, haitakutoka tena. Halafu acha kukariri picha moja moja. Shika aota tu, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, shuka nayo kipande kwa kipande, itatoa tawi la siliaki mbele, la kulisha ini na wengu, chini kidogo linatoka la mesenteriki ya juu, la kulisha utumbo, hapo uko kama usawa wa pingili L1 (ya kwanza ya kiuno), endelea taratibu utaona vena ya figo ya kushoto inajipenyeza kati ya tawi hilo na aota ikiwahi vena kava, ule mshipa mkubwa wa kurudisha damu moyoni. Ukifika kama L4 ule mduara mmoja unakuwa miwili, ndo aota imegawanyika.

jeli_mkononi: Mi naona mngeanza na altrasaundi, haina mionzi mnapimana wenyewe. Weka proba, kile kifaa cha mkononi cha kupimia, shingoni kandamiza kidogo, mshipa unaolala bapa ni vena ya jugula, unaobaki mviringo unadunda ni karotidi. Kisha hamia ubavuni mwambie mwenzio avute pumzi, ini na figo vinashuka mbele ya macho yako. Maiti gani itakufanyia hivyo 😂

mzee_wa_maabara: Nyie vijana mtaifunga maabara. Neva ndogo huzioni kwenye siti skani, na ule ugumu wa mshipa ukiushika picha haikupi. Na msidhani ile kijivu ndo rangi ya mwili, ni namba tu za jinsi kila kitu kinavyozuia mionzi, maji 0, hewa -1000, mafuta chini kidogo ya sifuri, mfupa juu huko mamia, kompyuta inazipaka vivuli. Ukibadilisha dirisha la picha, yaani namba zipi zipewe vivuli, mapafu yanajaa mishipa, ini linabaki bonge jeupe huoni kitu ndani. Mwanafunzi asipoambiwa hili anakariri vivuli. Mimi huwa nawawekea vyote pamoja, Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1994 ilitoa picha za mwili wa mwanaume uliokatwa vipande vya milimita 1, zipo za rangi halisi, zipo na siti skani na emarai (picha za sumaku) za mwili huohuo. Linganisha hapo.

kivuli_cheusi: Mzee shikamoo, hilo la dirisha umenena, mi nilikuja kulijua nimeshamaliza chuo.

mwaka_wa_pili: Asanteni sana. Nimefuata aota mpaka ikagawanyika, nimerudia mara tatu nikapotea mara moja tu. Ila njiani nimekuta kitu cheupeee ndani ya utumbo, cheupe kama mfupa, huyu kameza nini?

jeli_mkononi: Dawa ya kuonyesha utumbo, wanamnywesha kabla ya kupigwa picha. Usije ukajibu mfupa kesho 😂