Mjadala: Riba ya LIBOR ilichezewa, je, nani alipaswa kuwajibika?

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifuta hatia ya kesi ya LIBOR ya Tom Hayes, aliyefanya biashara ya masoko ya fedha katika benki ya UBS na baadaye Citigroup, pamoja na hatia ya Carlo Palombo wa zamani wa Barclays, aliyefungwa kwa kesi ya Euribor, riba ya aina hiyo hiyo ya sarafu ya euro. Kwa wasiokumbuka, LIBOR ilikuwa riba iliyopatikana London kila siku ya kazi kwa kuuliza benki chache kila moja ingeweza kukopa kwa benki nyingine kwa kiwango gani, na mikataba ya mamia ya trilioni za dola ilifungwa kwenye jibu hilo, ikiwemo mikopo ya nyumba. Hakuna mkuu wa benki hizo aliyefungwa, na sasa hata waliofungwa tunaambiwa hukumu zao hazikusimama. Hasira ile ya mwaka 2012, kashfa ilipolipuka, ielekezwe kwa nani?

Mhasibu:
Sehemu kubwa ya hasira ile ilitokana na watu kutofuata hesabu. Jopo la benki zilizoulizwa kuhusu LIBOR ya dola lilikuwa na benki 16. Majibu manne ya juu na manne ya chini yaliwekwa kando, kisha nane ya katikati yakapigiwa wastani. Jibu la benki moja lilikuwa na nguvu ndogo sana. Isitoshe, wakati wa msukosuko wa fedha benki zilitaja viwango vya chini ili zisionekane dhaifu, na riba ikishuka mwenye mkopo hulipa kidogo. Wakuu wawajibike, sawa, lakini mwananchi wa kawaida hakuibiwa chochote.

Mdaihaki:
Nilitaka kuzungumzia wakuu wa benki, lakini siwezi kuipita sentensi hiyo ya mwisho. Mhasibu, ndugu yangu, jiji la Baltimore huko Marekani lilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani mwaka 2011, na dai lake ni rahisi kulielewa. Miji mingi iliingia mikataba ya kubadilishana riba, ambapo mji unalipa riba isiyobadilika na kupokea malipo yanayofuata LIBOR. LIBOR ikishushwa kwa uongo, mji unaendelea kulipa kile kile huku ukipokea pungufu, na pengo hilo linazibwa na kodi za wakazi. Hao si wananchi wa kawaida?

Mhasibu:
Dada, nilisema mwananchi, nawe umenijibu kwa halmashauri ya jiji. Palipo na aliyepata hasara kwa riba kushuka pana pia aliyepata nafuu. Wizi ni kuchukua mali ya mtu, na mimi nasisitiza kwamba neno hilo halifai hapa.

Mdaihaki:
Kwa hiyo muuzaji anayechezea mizani si mwizi kwa kuwa siku nyingine mizani yake humpendelea mteja? Mwenye mkopo hakuomba nafuu hiyo na mwenye akiba hakuridhia hasara hiyo. Na kabla ya msukosuko, kati ya mwaka 2005 na 2007, viwango havikusukumwa upande mmoja. Wafanyabiashara wa Barclays waliwaandikia wenzao waliotayarisha majibu wakiomba kiwango kipande au kishuke kulingana na faida waliyoitarajia siku hiyo, na mfanyabiashara mmoja wa nje ya Barclays, aliyeomba vivyo hivyo, aliahidi chupa ya shampeni kama shukrani. Mtu hatoi shampeni kwa jambo lisilo na thamani.

Wakili Mstaafu:
Mnagombania neno ambalo halikuwemo katika hati ya mashtaka. Hayes alishtakiwa kwa kula njama ya kulaghai. Wakati wa matendo yale hapakuwa na kosa mahususi la kuchezea kigezo cha riba. Bunge la Uingereza lililiweka baadaye, katika Sheria ya Huduma za Fedha ya mwaka 2012. Mahakama ya Juu haikusema kwamba kuchezea LIBOR ni halali. Ilisema jaji aliwaelekeza wazee wa baraza kwamba jibu lililozingatia faida ya kibiashara ya benki haliwezi kuwa la kweli, akalifanya hilo kuwa suala la sheria, ilhali lilikuwa suala la ukweli ambalo wao wenyewe walipaswa kuliamua. Majaji hao hao walieleza kwamba ushahidi ulikuwepo ambao ungeweza kuwafikisha kwenye hatia kama wangeelekezwa vizuri.

Mwanzisha mada:
Mzee wangu, pamoja na heshima zote, ufafanuzi huo unaniumiza zaidi. Mtu ametumikia miaka 14 gerezani kwa maelekezo yenye kasoro!

Wakili Mstaafu:
Hukumu ya Agosti 2015 ndiyo ilikuwa miaka 14. Rufaa ikaipunguza hadi 11, na aliachiliwa Januari 2021. Tuwe waangalifu, maana tunawadai wenye benki usahihi.

Mwanahisa:
Nimesoma mabishano yote haya na sijaona aliyeuliza nani alilipa faini. Barclays ilitozwa pauni milioni 290 Juni 2012, UBS ikakubali kulipa takriban dola bilioni 1.5 Desemba mwaka huo huo, na Deutsche Bank dola bilioni 2.5 mwaka 2015. Fedha hizo zilitoka katika kampuni, yaani mifukoni mwa wenye hisa, na katika hisa za benki kubwa mna akiba za uzeeni za watu ambao hawakuandika barua pepe hata moja. Bob Diamond, mtendaji mkuu wa Barclays, alijiuzulu, akaacha bonasi ambazo zingeweza kufika pauni milioni 20, na Bunge likamsikia akisema kwamba barua pepe zile za wafanyabiashara zilimuumiza hadi akaugua. Kuacha bonasi si adhabu, kwa kuwa bonasi hutolewa kwa kazi iliyofanywa vizuri.

Mhasibu:
Mwanahisa amesema kweli kuhusu faini. Hata hivyo nasubiri bado nionyeshwe mwananchi mmoja na kiasi alichopoteza.

Mdaihaki:
Huo ndio ukatili wa jambo lenyewe. Chukua sehemu moja ya mia ya asilimia moja, kiasi ambacho hakuna mwenye mkopo atakayekiona katika taarifa yake. Juu ya dola trilioni moja, kwa mwaka mzima, ni dola milioni 100. Na hesabu yako ya kutupa majibu ya pembeni haiwaokoi: jibu linalotupwa upande wa juu humsukuma mwingine kuingia katikati, na wastani unasogea. Unadai nikuletee aliyeibiwa huku mbinu yenyewe ikitegemea kwamba kila mmoja amepoteza kidogo asichoweza kukitambua. Mimi nitaendelea kuuita wizi.

Wakili Mstaafu:
Uite utakavyo, binti yangu, lakini kuna simu ambayo hakuna kati yenu aliyeitaja. Oktoba 2008, Paul Tucker wa Benki Kuu ya Uingereza alizungumza na Diamond kuhusu viwango vya juu vya Barclays. Diamond aliandika kumbukumbu ya mazungumzo hayo. Jerry del Missier, aliyekuwa chini yake, aliliambia Bunge kwamba baada ya kuzungumza na Diamond alipitisha agizo la kushusha majibu. Diamond alisema hakutoa agizo. Tucker naye alikana kuelekeza lolote. Kwa hiyo agizo lilipokelewa na kutekelezwa, lakini aliyelitoa hakupatikana. Mwaka 2019 ofisi ya mashtaka ya ulaghai mkubwa ilifunga uchunguzi wake wa LIBOR.

Mhasibu:
Na viwango vya siku hizo vilishushwa, si kupandishwa. Narudia: aliyekuwa na mkopo alipata nafuu.

Mdaihaki:
Mzee ametuonyesha agizo lisilo na mwenyewe, nawe bado uko kwenye nafuu? Nijibu kuhusu Baltimore kwanza.