Fuso ya volti 24, amplifaya ya volti 12: betri mpya nayo inachemka

Mchukuzi_Muheza

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, napakia machungwa Muheza kupeleka Dar, msimu ukiisha nabeba chochote kinacholipa. Gari ni Fuso, betri mbili za saizi ya N70. Safari zangu ni za usiku na utingo wangu tukifika Segera keshalala, kwa hiyo bila muziki naweza kuingia porini nikidhani ni barabara.

Nikanunua Kariakoo seti ya spika: midi mbili (spika za sauti za kati) za inchi sita na nusu, twita mbili (vile vispika vya sauti nyembamba), visanduku viwili vya krosova vya kugawa sauti, na amplifaya ya chaneli nne. Boksi linasema wati 1,200.

Fundi mmoja, jina naliacha, akanifungia kwa siku moja. Nikamuuliza, amplifaya ni ya 12 na gari ni 24, tunafanyaje? Akacheka. "Betri si mbili? Kila moja ina 12. Tunachukua moja." Nikaona huyu ndiye fundi.

Wiki ya tatu starta ikaanza kuvuta kwa tabu asubuhi. Betri moja inachemka, ukifungua vizibo maji yamekauka, harufu ya yai viza mpaka kwenye siti. Nikasema imekufa, nikanunua mpya. Siku kumi tu na mpya nayo inachemka! Ile ya zamani pembeni yake imetulia kama maji ya mtungi.

Tena nikikanyaga mafuta spika zinalia wiiii, nikiachia inashuka. Twita ya kushoto imekata. Bezi ikipiga sana amplifaya inawasha taa nyekundu na kuzima. Fundi umeme anasema altaneta inazidisha chaji, anataka kuifungua kesho. Nisaidieni kabla sijamkabidhi.

Bisibisi

Usimkabidhi. Washa injini, pima betri moja moja, halafu zote kwa pamoja. Na utuambie amplifaya imefungwa kwenye ipi, inayochemka au iliyotulia.

Mchukuzi_Muheza

Nimeazima mita kwa jirani. Zote pamoja 27.8. Inayochemka 15.3. Iliyotulia 12.5. Amplifaya iko kwenye iliyotulia, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Inayofanya kazi haina shida, isiyofanya kazi ndiyo inaungua?

Bisibisi

Shikamoo altaneta, umesingiziwa.

Sikiliza, mkuu. Altaneta haijui kama una betri mbili. Inachokiona ni jumla, na jumla yako ya 27.8 ni nzuri kabisa. Umeme wa kuchaji unapita betri zote mbili kwa mfuatano, kiasi kilekile. Sasa amplifaya inakula kwa betri moja tu, basi hiyo inabaki chini, 12.5 na injini inanguruma, maana yake haijashiba tangu siku ile. Ili jumla ifike 27.8, kilichobaki chote kinaangukia kwa mwenzake. Toa 12.5 utaona 15.3 yako imetoka wapi. Betri ya maji ikikaa kwenye 15 na kitu kutwa nzima lazima ichemke.

Kwa hiyo ulibadilisha iliyokuwa inalishwa kupita kiasi, ukaiacha inayokufa njaa. Hiyo iliyotulia haijatulia, imezimia.

Leo hii chomoa waya wa amplifaya hapo. Tafuta kovata ya kushusha 24 kuwa 12. Inachukua kwenye ncha za mwisho za betri zote mbili, kwa hiyo zinachoka sawa na kushiba sawa. Ukubwa wake usiutafute kwenye boksi, wati 1,200 ni za kuuzia. Angalia fyuzi iliyochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Inasema ngapi?

Mchukuzi_Muheza

Iko moja tu, ya ampia 30.

Bisibisi

Hiyo ndiyo amplifaya yako halisi. 30 mara 13.8 ni kama wati 414 zinazoingia, na za aina hiyo nyingi karibu nusu inapotea kwa joto. Umebaki na 50 na ushee kila chaneli. Si haba, mlango wa Fuso utatikisika. Chukua kovata ya ampia 40. Usishawishiwe na kile kisanduku cha ampia 10 wanachofungia redio, bezi moja tu kinazima. Chagua yenye waya wa kuwashwa na swichi ya ufunguo ili isinyonye betri ukilala Chalinze.

Upande wa 24 umeme ni kidogo, hata ikibebeshwa yote haitavuta zaidi ya ampia 25 hivi. Weka fyuzi ya 30, na iwe jirani na betri, isizidi shibiri mbili. Nimeona watu wanaiweka kwenye kebini karibu na amplifaya. Waya ukichunika njiani, kabla ya kufika kwenye fyuzi, nani atakuokoa? Waya uwe wa nyuzi nyingi, milimita za mraba 10. Ule wa nyumba wenye msumari mmoja ndani unakatika kwa mtikisiko.

Twita: nina hakika fundi wako aliunga moja kwa moja na visanduku vya krosova akaviacha chini ya siti. Kweli si kweli?

Mchukuzi_Muheza

Wallahi viko chini ya siti, bado viko kwenye nailoni yake.

Bisibisi

Nilijua. Kile kisanduku ndicho kinachoizuia bezi isifike kwenye twita. Twita ni kitambaa chepesi na waya mwembamba kama unywele, ukiipelekea bezi inaungua. Waya wa amplifaya uingie kwenye kisanduku, kitoe njia mbili, moja midi, moja twita. Chanya kwa chanya milango yote miwili, vinginevyo spika moja inasukuma na nyingine inavuta, bezi inapotea na utadhani umeibiwa.

Kipara_wa_Duga

Mnamtisha mwenzetu bure. Mimi mwaka wa tatu nimechukua kwenye betri moja na sijaona kuchemka kokote.

Bisibisi

Umefungia nini, kaka?

Kipara_wa_Duga

Redio na chaja ya simu.

Bisibisi

Redio inakula ampia mbili tatu na inazimwa ukishuka. Si sawa na amplifaya. Hata hivyo pima betri zako, mwaka wa tatu ni umri wa kupimwa.

Utingo_Mstaafu

Vijana mmesahau jambo moja. Kichwa cha Fuso kinainuliwa. Mimi nilifunga waya wangu umenyooka vizuri, nimeubana kwa vibanio kila hatua, mtu akipita anausifia. Siku tunainua kichwa kuangalia pampu Korogwe, nikasikia tap! Umekatika. Pale kinapokunjukia acha waya umelegea kitanzi kizima, uuvishe mpira, na kila tundu la bati liwe na raba. Bati linakata kidogo kidogo, hutalisikia.

Na bodi, pale waya hasi unapofungwa kwenye bati la gari. Huku kwetu chumvi ya bahari iko hewani. Piga msasa rangi yote itoke, bati ling'ae, kaza bolti, halafu paka grisi juu. Usipopaka, baada ya masika utakuta kutu na muziki unakatakata.

Bisibisi

Mzee kanena. Na ule mlio wa wiiii dawa yake iko hapo hapo: redio na amplifaya zilishwe na kovata moja, na nyaya zao za bodi zikutane bolti moja. Waya wa sauti kutoka redioni upite upande wa pili wa kebini, usilale pamoja na ule mnene. Kisha kile kitufe cha geni kwenye amplifaya ni cha kuilinganisha na redio, si cha sauti. Redio iweke robo tatu, geni anzia chini, panda mpaka sauti ianze kukwaruza, rudi kidogo. Midi zikatie sauti za chini ya hezi 80, yaani bezi nzito, za mlango hazikuumbwa kwa ngoma.

Mchukuzi_Muheza

Narudi na majibu, wakuu. Nimefunga mwenyewe Jumapili, utingo anashika tochi. Betri ya zamani haikupona, nimeitoa. Hii mpya ina siku chache na ni N70 ileile, nimeipa mwenzake mpya pia. Injini ikiwaka: 13.9 na 13.9. Nimepima mara nne, siamini.

Wiiii imeisha. Taa nyekundu haijawaka tena. Twita nimepata jozi nyingine.

Kilichonila saa tatu nzima ni mlango wa kulia. Nimekaza midi, nimerudisha kava, nateremsha kioo, kimegota katikati. Sumaku ya spika imekaa njia ya kioo. Nimekata ringi ya marini bodi (ile plaiwudi ngumu) ya nusu inchi, nikainyanyua spika, kioo sasa kinapita. Kinapita kwa unene wa kadi ya simu, lakini kinapita.

Utingo ameniomba nipunguze sauti tukifika Segera.