Askari wa Roma na mkimbiaji wa marathoni: nani fiti zaidi?

Msomaji_Usiku: Wakuu, Vegetius, mwandishi wa kale wa Roma wa mambo ya vita, kaniweka macho. Anataka kuruta wa Roma atembee maili 20 za Kirumi, karibu kilomita 30, kwa saa 5 za kiangazi (saa zao za kiangazi zilikuwa ndefu kuliko zetu). Tena azoeshwe mzigo wa ratili 60 za Kirumi, kama kilo 20. Mwanariadha wa leo angemudu?

Mwendokasi: Mkuu, kwa kasi askari yule hafui dafu. Kelvin Kiptum alimaliza kilomita 42.195 Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35. Halafu hao askari si walishindia nyama?

Mama_Shamba: Hapana kaka, walishindia nafaka. Kwa hesabu ya Polybius, mwanahistoria wa kale wa Ugiriki, askari wa miguu alipata ngano isiyofika kilo moja kwa siku. Wenyewe waliisaga, wakaoka mkate au wakapika uji. Nyama ya nguruwe ya chumvi, jibini na mafuta ya zeituni vilikuwa vya kuteremshia. Kinywaji ni siki na maji. Shayiri ilikuwa adhabu: kikosi kilichokimbia vita kilipewa hiyo badala ya ngano. Ajabu ni kwamba magladieta, wapiganaji wa ulingoni, waliitwa "wala shayiri", na mifupa iliyofukuliwa Efeso inaonyesha chakula chao kikubwa kilikuwa mimea.

Mwendokasi: Asante dada, sikujua. Basi hawako mbali na wakimbiaji wa Iten, Kenya, maana kule bila ugali mtu hajala.

Mpimaji: Mimi naona tunapima vitu viwili tofauti. Mkimbiaji anajiandaa miezi kwa ajili ya siku moja, akimaliza anapumzika. Askari akifika anashika sururu: mtaro na boma la kambi viwe tayari kabla ya giza. Asubuhi anavunja kambi, anabeba, anatembea tena. Niliwahi kutembea kutwa na begi la kilo 20. Kesho yake mikono haikunyanyuka. Yeye alirudia hivyo msimu mzima wa vita. Mlinganishe na wa mbio za siku nyingi.

Msomaji_Usiku: Kama zipi, mkuu?

Mpimaji: Anza na Marathon des Sables, Moroko. Karibu kilomita 250 jangwani, kwa siku kadhaa, kila mtu na chakula chake mgongoni. Na hata pale, jioni hakuna anayechimba mtaro.