Depo yangu si gala ya bure, na mimi si benki ya mtu!

Bandugu wa Lubumbashi, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Leo asubuhi mama mmoja kanisimamia dukani kwangu hapa Bel-Air, wateja watatu wanatazama, akaniita mwizi. Mwizi! Kisa ni saloni yake ya viti, yaani seti ya viti vya sebuleni, niliyoilaza ndani ya duka langu miezi minne bila kumdai hata franga mia.

Kwa wasiojua kazi hii: nafanya depo-vente. Unaniletea kitu ulichokwisha kukitumia, tunapatana bei, nakiweka dukani, kikiuzwa robo yangu, robo tatu yako. Kisipouzwa unakuja kukichukua. Inakaribia kile Watanzania wanachokiita mali kauli. Niliingia humo kwa sababu balo, yale marobota ya mitumba, zilinishinda. Mimi na jirani yangu tulikuwa tunachanga tunanunua balo za okazyo zinazopitia mpakani Kasumbalesa, kilo 45 moja. Ukikata kamba, juu unakuta mashati ya kukuvuta macho. Ukifika katikati ni suruali za watoto zenye madoa na soksi zisizo na mwenzake. Balo la tatu nililia, kwa kweli. Nikasema afadhali mali ya watu ninayoiona kwa macho yangu kabla ya kuipokea.

(Kibao cha kwanza niliandika DEPO tu. Wiki mbili nzima watu walinijia na kreti tupu wakiulizia bia ya Simba ya baridi, wakidhani nauza vinywaji. Ndipo nikaongeza neno la pili.)

Mwenye nyumba alichukua garanti, pesa ya dhamana, ya miezi sita kabla sijagonga msumari hata mmoja. Na msije hapa kuniambia habari ya miezi mitatu, ile sheria ya mwaka 2015 ni ya nyumba za kuishi, duka halimo. Basi kila mita ya sakafu yangu naijua bei yake. Saloni ya viti saba inakula nusu ya duka. Shikeni hilo kichwani.

Mama huyo aliileta saloni yake mwezi wa sita, mwaka 2025. Tulipatana dola 500. Kwenye karatasi nikaandika: dola 500, sawa na franga 1,400,000, kwa kuwa wakati ule kwa makambisti, wabadilisha pesa wetu, dola ilikuwa inazunguka kwenye 2,800. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, nakiri. Kuandika pesa mbili kwenye karatasi moja ni upumbavu, lakini nani alijua? Maisha yetu yote tumeona franga ikianguka, hatujaizoea ikipanda.

Miezi minne hiyo saloni ilinitoa jasho. Kila Jumamosi, siku ya wateja, mama anakuja "kuiangalia". Anakaa juu yake, mkoba magotini, kama yuko kwake. Mteja akiingia, akaniuliza bei, kabla sijafungua mdomo yeye anadakia: "Papa, mwenye viti ni mimi, njoo nyumbani tupatane." Nyumbani viti hakuna, viti viko kwangu! Mteja mmoja niliyekuwa nimemfikisha 480 aliondoka hivyo hivyo na namba ya simu ya mama mfukoni, na hakuna aliyemwona tena.

Juzi nikampata kijana anayejenga upande wa Kampemba, karudi kutoka kazi ya migodi Kolwezi. Hakubishania bei sana. Noti tano za mia mia, akaita kamyoneti, saloni ikaondoka. Nikampigia mama kwa furaha kabisa. Mimi huyo!

Amekuja leo. Nikamwekea mezani dola 375, robo tatu yake, mia tatu na chenji yangu mwenyewe ya 75. Akaanza kuzikagua noti. Akainyanyua moja kwenye mwanga wa mlango, akakwaruza kwa ukucha kola ya koti la yule mzee aliyechorwa kwenye noti, akapitisha kidole pembeni. Mchaniko. Mdogo kama punje ya mchele, mtu wa macho ya kawaida haoni. Mnajua kwetu dola ikichanika kiasi cha unywele si dola tena, ni karatasi ya kufungia karanga, wakati franga tunaipokea hata ikiwa na gundi katikati na harufu ya samaki. Sawa, nikambadilishia, nikampa ile nyingine. Nilipoipokea hivyo kutoka kwa kijana sikuichunguza, furaha ilinipofusha.

Hapo akatulia kidogo. Akatoa karatasi yangu mkobani, akainyoosha mezani. "Hapa umeandika 1,400,000. Robo tatu yangu ni 1,050,000. Nataka franga."

Fanyeni hesabu pamoja nami. Dola iliporomoka mwezi wa kumi mwaka 2025, makambisti wakawa wanainunua 2,300 hivi. Dola 500 nilizopokea ni franga 1,150,000. Nikimpa 1,050,000, mimi nabaki na 100,000. Dola 43. Miezi minne, nusu ya duka, Jumamosi zote zile, dola 43! Nikamwambia: mama, tulipatana kwa dola, mteja amelipa kwa dola, nakulipa dola. Akasema mimi nimengoja kusudi dola ianguke ndipo niuze. Kama vile mimi ndiye gavana wa Benki Kuu! Kama ningekuwa na uwezo wa kuisukuma dola, ningekuwa nauza viti vya watu hapa Bel-Air?

Na muone ujanja: dola ingepanda hadi 3,200, karatasi ile ile angeisoma upande wa dola. Mwenye mali anataka faida ipande na yeye, hasara ishuke na wewe.

Sauti ikapanda, wateja wakasogea mlangoni, neno mwizi likatoka. Nikampa dola 400 aniondokee. Noti nne safi, kazikagua zote. Nikabaki na mia moja, ile ya mchaniko. Nimezunguka na hiyo noti kwa makambisti wanne tangu saa sita. Mmoja ananipa 80. Wengine wameirudisha hata kabla ya kuikunjua vizuri.

Sasa kwa kuwa nimeanza, acha niseme na ya frigo.

Papa mmoja alileta frigo inayofanya kazi vizuri. Nikaiunganisha ili wateja waone inagandisha, nani ananunua frigo iliyozimwa? Delestaji ikaja, umeme ukakatika siku mbili, uliporudi usiku ukarudi na nguvu za shetani. Asubuhi nafungua mlango, harufu ya plastiki iliyoungua. Taa mbili zimekufa, redio yangu imekufa, kompresa ya frigo imekufa. Papa anataka bei ya frigo mpya. Mpya! Ya kwake ilikuwa imebandikwa kibandiko cha ndizi ili kuficha kutu.

Nilimwuliza shemeji yangu aliyesoma sheria, nikidhani ataniokoa. Akaniambia mambo ya kuweka mali kwa mtu bado yanafuata kile kitabu cha tatu cha kodi sivili, yaani mkusanyo wa sheria za kiraia, dekreti ya mwaka 1888. Mwenye kutunza anatakiwa kuitunza mali ya mtu kama anavyotunza yake. Nikafurahi: redio yangu nayo imeungua, basi nimeitunza sawasawa! Akacheka. Akasema ukiwa unalipwa kwa kuitunza, sheria inakubana zaidi, na hakimu ataniuliza kwa nini sikuweka regulateri, kile kifaa cha kutuliza nguvu za umeme. Kwa hiyo ile robo ninayochukua ndiyo inayonitia hatiani. Nimenunua regulateri. Papa wa frigo namlipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, maana hapo naona alikuwa na haki kiasi fulani. Kiasi, si bei ya mpya.

Ya jenereta iliyoibwa Katuba ikaletwa kwangu na kijana mpole sana mwenye Biblia kwapani, sitaki kuisimulia. Nilikaa siku nzima kwenye benchi la polisi nikieleza kuwa mimi si mpokeaji wa mali ya wizi. Tangu siku hiyo huachi kitu kwangu bila kadi ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho chetu, awe mchungaji, awe mama mkwe. Mama mkwe alinuna mwezi mzima. Anune.

Na wale wa makoti! Baridi yetu ni mwezi wa sita na wa saba, kila mtu anajua. Watu wanafungua makabati mwezi wa kumi na moja, mvua imeanza, jasho linatiririka, ndipo wananiletea makoti ya sufu na kila wiki wananiuliza kwenye WhatsApp "bado?" Bado! Bado mpaka mwakani!

Nimechapisha karatasi mpya leo mchana. Pesa moja tu, dola au franga, mwenye mali anachagua mwenyewe na hageuki. Miezi miwili, baada ya hapo unalipia nafasi au unachukua chako. Mwenye mali haruhusiwi kuongea na mteja ndani ya duka. Kitu cha umeme, tunakijaribu pamoja na unasaini kilivyo, na kutu zake.

Wakati naandika hapa simu imelia. Yule mama wa saloni. Nilidhani ni matusi ya mwisho. Ameandika: "Yaya (kwetu ni ndugu mkubwa), hasira zimepita. Nina meza ya kulia na viti sita, naweza kuleta kesho?" Nimemtumia picha ya karatasi mpya. Ameisoma, alama mbili za bluu, akanyamaza dakika kumi.

Halafu ameuliza kama pesa ya kamyoneti ni juu yangu.