Tupeane uzoefu: rafiki wa mbali au safari iliyokubadilisha unavyowaona watu

Mleta mada (Tanga)

Wadau, salaam. Naomba tusimuliane. Ni mtu gani uliyejuana naye mtandaoni, au safari gani, iliyokuonyesha kwamba ulichokiita "kawaida" ni kawaida ya kwenu tu? Naanza mimi.

Nilijuana na kijana wa Addis Ababa kwenye kundi la wapenda riadha. Tulipopanga kuongea kwa video nikamwandikia "saa 2 usiku", kwa Kiingereza lakini kwa hesabu yetu. Kosa hilo nimelifanya mara nyingi na wageni, na kila mara mtu huja saa nyingine kabisa. Yeye saa mbili kamili alikuwa hewani. Nikamuuliza umejuaje? Akashangaa swali lenyewe. Kumbe nao huanza kuhesabu saa jua likichomoza, kama sisi. Miaka yote nilidhani ni sisi Waswahili peke yetu.

Januari 2024 nikaenda kumtembelea. Kwao ulikuwa mwaka 2016, na mwaka wao una miezi 13. Ilikuwa Ijumaa, siku ya mfungo kwa Waorthodoksi, kwa hiyo hapakuwa na nyama, maziwa wala mayai. Mimi Mwislamu nilikuwa na wasiwasi wa nyama tangu nyumbani, na mfungo wao ukanivusha. Wanauita tsom. Nilipolisikia neno hilo nikaisikia saumu yetu ndani yake.

Tumezunguka sinia moja la injera, mkate wao mwembamba na laini, na dengu, mara mama yake akamega tonge, akalikunja vizuri, akalinyoosha mdomoni kwangu. Nikarudi nyuma. Kwetu anayelishwa ni mtoto, mgonjwa au bibi harusi. Mkono wa mama ukabaki hewani. Rafiki yangu akaninong'oneza: "Hiyo ni gursha. Mama anakuheshimu." Nikafungua mdomo. Kisha nikamega na mimi, nikamlisha, naye akanishika shavu kama mwanawe.

Mchangiaji wa 2 (Dar, Mbagala)

Mimi dereva wa malori, Dar hadi Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawasahihisha watu wa kule. Wakisema batoto, nasema watoto. Wakisema aksanti, nasema asante. Safari moja foleni ya mpakani ikanikalisha siku sita, na homa ikanishika humohumo kwenye kibini. Mama muuza chakula akawa ananiletea bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, asubuhi na jioni, pesa hataki mpaka nipone. Nilipopata nafuu nikamshukuru kwa Kiswahili changu chote. Akatabasamu: "Papa, wewe unasemaka Kiswahili ya bitabu." Sijamsahihisha mtu tena. Wanangu siku hizi nao wanaita ugali bukari.

Mchangiaji wa 3 (Mwanza)

Nina rafiki wa Mombasa, tulikutana kwenye kundi la mashairi mwaka 2019. Kila nikituma picha ananiuliza, "Nisimulie kuna nini." Nikadhani anapenda maneno tu. Miaka miwili hivyo. Nilipokwenda Mombasa tukapatana tuonane kivuko cha Likoni, ndipo nikaiona fimbo nyeupe. Haoni tangu utotoni. Simu humsomea maandishi kwa sauti, picha ndizo zilizokuwa zikimshinda. Hakuwahi kunificha, ila mimi sikuwahi kuuliza.

Nikamkamata mkono nikaanza kumvuta kwenye umati. Akasimama. "Dada, usinivute. Nipe kiwiko, nitakufuata." Akakishika kwa wepesi, tukapanda feri. Yeye ndiye aliyeniambia tunakaribia ng'ambo, maana alisikia mlio wa injini umebadilika wakati mimi bado nahangaika kuchungulia juu ya vichwa vya watu.

Tangu siku ile kila picha naiandikia maelezo, hata kwenye kundi la familia. Shangazi yangu, ambaye macho yanamwishia, alinipigia kunishukuru. Sikuwa nimemfikiria kabisa, na hilo linaniuma hadi leo.

Mchangiaji wa 4 (Morogoro)

Naomba nitofautiane kidogo: kusafiri peke yake hakumbadilishi mtu. Nimeishi Muscat miaka minne, na mitatu ya kwanza nilikaa na wenzangu tu, tunapika vyetu na kuwasema wenyeji kila jioni. Kilichonitoa humo ni duka la viungo sokoni Mutrah. Nilikuwa naongea na mwenzangu, mzee mwenye duka akadakia: "Karibuni, wanangu. Wa wapi?" Alizaliwa Unguja, akaondoka mtoto baada ya Mapinduzi ya 1964. Aliniuliza habari za Darajani mpaka kahawa ikapoa. Nikawa naenda kila Ijumaa.

Mleta mada

Dada wa Mwanza, nimesoma yako mara mbili. Nilikuwa nimeshaandaa picha ya lile sinia niiweke hapa bila neno lolote. Naiweka sasa, na maelezo yake:

Sinia pana la duara, limetandazwa injera ya rangi ya kahawia iliyofifia, yenye vitundu vidogo kama sega la nyuki. Katikati dengu nyekundu, pembeni kabichi. Mikono minne inamega. Wa kulia, wenye bangili nyembamba ya fedha, ni wa mama.