Anaimba A B C mpaka mwisho, lakini M kwake ni milima

MamaKadutu (Bukavu)
Jambo wote. Mwanangu ana miaka 4 na nusu, yuko maternelle (shule ya chekechea) mwaka wa pili. Alfabeti anaiimba bila kukosea, tena kwa madaha, wageni wanapiga makofi. Ila nikimwonyesha herufi moja peke yake, kwisha. Jana nilimwandikia M kwenye kartoni, akasema "milima". T akaiita nyundo. Daftari la kufuatisha vidoti, dakika mbili tu amelala juu ya meza. Wenzangu mnafanyaje? Fimbo sitaki.

Mwalimu wa Majengo (Goma)
Mama, huyo hajashindwa. Mjibu: "Ndiyo, mmm-lima!" M umeshaipata bila kununua kitu. Ule kwake ni wimbo tu, hajui kwamba "elemeno" ni herufi nne.

Mimi nina watoto 38, vitabu hakuna. Namwaga kwenye sinia mchanga wetu mweusi wa volkano, uliochekechwa (ule mwingine unakata vidole), kila mmoja anachora herufi ya jina lake. Herufi mbili kwa juma, basi. Tena taja sauti, "mmm", siyo "em".

Maneno nayo nimeyabandika: MAJI kwenye bidoni (dumu), MAKALA (mkaa) kwenye gunia. Asubuhi moja nikayabadilishia nafasi, hili pa lile, kabla hawajaingia. Hakuna aliyeshtuka, wote waliangalia MA tu wakapita. Msichana mmoja akarudi, akaweka kidole kwenye K, akacheka: "Mwalimu, leo tutakunywa makala?" Tangu siku ile wananivizia kila asubuhi wanikamate.

Baba Mapacha (Goma)
Sisi tulijaribu majivu ya mbabula (jiko la mkaa), nyumba nzima ikakohoa. Bora mchanga. Lakini mwalimu, shuleni wangu wanafundishwa U ya Kifaransa, ile ya kuchongoa midomo, na nyumbani ni U ya ufagio. Si watachanganyikiwa?

Mwalimu wa Majengo (Goma)
Bibi wanamwambia "jambo", mimi "bonjour", na hawajakosea hata siku moja. Anza na ya nyumbani. Irabu zetu ni tano na hazibadiliki, ndiyo maana mtoto anazishika upesi.

MamaKadutu (Bukavu)
Aksanti sana. Jioni hii amechora M kwenye mchanga, kilele kimoja kirefu kuliko kingine. Nikataka kumrekebisha, akanizuia mkono: eti huyu mlima Kahuzi, huyu mlima Biega. T bado ni nyundo.