Siku tano Ureno vijijini: Alentejo, Monsanto au Douro? Naomba ushauri wenu

Mtoto_wa_Chumbageni
Habari za wakati huu wadau. Kuna harusi Lisbon, ikiisha tunabaki na siku tano za kwetu. Jiji tumeshaliona mara mbili, safari hii nataka mashambani: ngome, magofu, mawe ya kale, mito, hewa safi. Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza Alentejo, yaani Évora, Monsaraz, ikiwezekana nishuke hadi Mértola. Ya pili Monsanto na Idanha-a-Velha, kule karibu na mpaka wa Hispania. Ya tatu bonde la Douro, nipande hadi kwenye michoro ya kale ya mwambani ya Côa. Zote tatu kwa siku tano ni kujidanganya, hilo nalijua. Vyumba nataka kulipia wiki hii kabla bei hazijapaa. Mliofika huko, ipi bora?

Kandili
Bora kwa nani? Mwezi gani? Mna gari? Mko wangapi? Umeingia dukani ukasema "nipe viatu" na mguu hujautoa.

Bint_Shela
Mimi sihitaji kujua mwezi. Nenda Mértola. Mji umekaa juu ya mto Guadiana, nyumba nyeupe zimepandiana mpaka kwenye ngome. Kanisa lao kuu lilikuwa msikiti, wa karne ya 12. Ukiingia usihangaike na kingine, pita moja kwa moja mpaka nyuma ya altare: mihrabu ipo pale pale ukutani, na ile milango ya upinde wa kwato la farasi bado imesimama. Mji ulitekwa 1238, msikiti ukafanywa kanisa, lakini jengo hawakulibomoa. Nilisimama katikati ya zile nguzo nikajikuta nimeshajipanga kuelekea kibla kabla hata akili haijanifika.

Wataalamu wao wanachimba pale tangu 1978, na vilivyotoka ardhini wamevitawanya kwenye vijumba vya makumbusho mji mzima. Kuna bakuli zina wanyama waliochorwa kwa rangi ya kijani, nzuri sana. Évora kuna mabasi ya watalii, Mértola kuna paka.

Mkazi_wa_Setúbal
Niko huku mwaka wa sita. Kandili ameuliza la maana, tujibiwe kwanza. Mwezi gani, na nani ataendesha?

Mtoto_wa_Chumbageni
Samahani wakuu. Ni mwisho wa Julai. Tuko watatu. Gari nitakodi, nitaendesha mwenyewe, ila leseni yangu nimeitolea Ujerumani kwa gari la otomatiki tu. Gia za mkono siruhusiwi.

Mkazi_wa_Setúbal
Julai! Na hukuliandika hilo juu kabisa?

Ndugu yangu, ndani ya Alentejo mwisho wa Julai digrii 40 si habari ya kumshtua mtu. Amareleja, kijiji cha upande huo huo wa Monsaraz na Moura, Agosti 2003 kilifika 47 na ushei. Wenyeji saa saba mchana wamefunga mbao za madirisha, mtaani unabaki wewe na kivuli chako. Ukienda huko, mambo yako yaishe saa nne asubuhi, kisha utoke tena jua likishuka. Jioni Monsaraz ni tamu kweli: unakaa juu ya ukuta wa ngome, chini ziwa la Alqueva limetandaa kama bahari. Lile si ziwa la asili, ni bwawa lililoanza kujazwa 2002. Kijiji kizima cha Luz kilizama, watu wakajengewa kingine pembeni, na makaburi yao yakahamishwa. Usiku nyota zinaonekana kama uko Serengeti.

Faida moja ya Julai ni kwamba utawakuta wakibandua magome ya ile mialoni ya vizibo vya chupa. Simamisha gari uangalie. Mtu anapiga shoka gome lipasuke wima, anageuza mpini, anaubenya polepole, gome linaachia kipande kizima kama koti linavuliwa. Shoka likizidi kidogo, mti umeumia. Kinachobaki ni shina lenye rangi ya matofali mabichi, na wanaliandika namba kwa rangi nyeupe. Namba 3 maana yake lilibanduliwa mwaka unaoishia na 3. Halitaguswa tena mpaka miaka tisa ipite.

Pwagu_wa_Reli
Haya yote ya gari ya nini? Panda treni. Kutoka Porto mpaka Pocinho ni kama saa tatu na nusu, na nauli haiumi. Kaa upande wa kulia: baada ya muda reli inashuka mpaka kando ya Douro na mto haukuachi tena. Baada ya Pinhão inavuka daraja pale Ferradosa, basi na wewe hamia kushoto. Ukifika Pinhão teremka, hata kama ni kungoja treni inayofuata, uone vigae vya bluu ukutani mwa stesheni, wavunaji zabibu wamechorwa na vikapu vyao. Matuta yale ya mawe yamepanda milima mizima, wakulima wa Lushoto wangeyaelewa bila mkalimani. Eneo la mvinyo lilishawekewa mipaka 1756.

Kutoka Pocinho ni teksi fupi mpaka Vila Nova de Foz Côa. Michoro huendi mwenyewe, unaweka nafasi mapema wanakupeleka kwa gari lao. Farasi, mbuzi na ng'ombe wa mwituni wamechongwa kwenye mwamba, mingine ina zaidi ya miaka 20,000. Serikali ilitaka kujenga bwawa pale miaka ya tisini, vijana wa shule wakaandamana na maneno "michoro haijui kuogelea". Bwawa likafa, na 1998 UNESCO wakalipokea bonde.

Kandili
Pwagu, unamsifia Douro kwa mtu anayekimbia joto? Watu wa kule wenyewe wanasema wana miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu. Julai ni mmoja wa ile mitatu.

Mlima_Meru
Nashangaa hakuna aliyetaja Gerês. Ndiyo hifadhi ya taifa pekee Ureno, tangu 1971. Kuna maporomoko, maji baridi ya kuogelea, miti ya kweli. Pale Soajo kuna vihenge 24 vya mawe vimesimama juu ya mwamba mmoja, kila kimoja na miguu yake, na juu ya mguu jiwe bapa la duara panya asipite. Juu ya paa msalaba. Mke wangu alidhani ni makaburi, akakataa kupiga picha. Ni mahindi tu! Bibi yangu alikuwa na kihenge cha fito chenye akili ile ile, ila hakuweka msalaba.

Mtoto_wa_Chumbageni
Gerês haikuwa kwenye orodha lakini napenda. Na Monsanto je? Hakuna mtu wa Monsanto?

Mzee_wa_Ndima
Monsanto nilikuwa niende. Sikufika. Acheni niwaeleze, labda itamsaidia mtu.

Mwaka juzi, Aprili, nimekodi gari. Niliagiza dogo la otomatiki. Kaunta wakaniambia yamekwisha, lililobaki ni kubwa, kama daladala ndogo hivi, niongeze pesa. Nikaongeza. Wakaniuliza bima kamili? Nikasema hapana, mimi dereva wa miaka thelathini. Kiburi hicho.

Siku ya kwanza nimelala Castelo de Vide. Simu inaniongoza, geuka kushoto, geuka kulia, mara lami imeisha, nimo kwenye mawe ya mviringo, kichochoro kinashuka kama ngazi. Kulia ukuta mweupe, kushoto ukuta mweupe, na kila mlango vyungu vya maua. Nikakunja vioo. Mita ishirini mbele kichochoro kinapiga kona ambayo punda angeifikiria mara mbili. Kurudi nyuma, gari linateleza, clachi sina, jasho linanitoka mpaka kwenye vidole.

Akatoka bibi mmoja na ndoo. Hakusema neno, akaanza kuhamisha vyungu vyake kimoja kimoja. Akatoka jirani, naye akahamisha vyake. Akaja mzee wa kofia akasimama nyuma ya gari ananielekeza kwa kidole kimoja, hivi, hivi, simama. Robo saa nzima. Mwisho tumetoka, watu wanapiga makofi dirishani, na mlango wa kulia una mchubuko mrefu kama mkono wangu.

Kurudisha gari, kijana akaupima kwa rula. Euro 1,200 za amana zikaondoka zote. Nimeandika barua nne, jibu ni lile lile, nakala na kubandika. Monsanto nikaifuta kwa sababu hela ya hoteli ndiyo ilikuwa hiyo.

Bint_Shela
Pole sana mzee wangu. Lakini bibi wa ndoo umepata wapi mwingine kama huyo?

Mkazi_wa_Setúbal
Pole mzee. Sheria ya vijiji vya ngome ni moja: gari linabaki nje ya ukuta. Marvão, Monsaraz, Monsanto, zote. Na otomatiki agizeni mapema. Kwa Monsanto kuna nafuu moja, tozo ya barabara ya A23 ilifutwa Januari 2025. Kijiji chenyewe ni nyumba zilizobanwa kati ya majabali, nyingine jabali lenyewe ndilo paa. Ila ni mlima mtupu, na kupanda ngomeni ni miguu yako.

Mwinyi_Mvita
Mimi nauliza kitu kimoja tu. Yaani watu wa pwani tunakusanya euro kwenda kustaajabia ngome za Mreno? Si tunayo Ngome ya Yesu hapa, ya 1593? Kilwa walitozwa na Vasco da Gama 1502, wakavamiwa tena 1505 pamoja na sisi Mombasa. Hiyo barabara ya kutoka Évora kwenda Beja inapita Vidigueira, alikopewa ukabaila bwana huyo huyo. Mkapige picha basi.

Bint_Shela
Ndiyo maana nimesema Mértola, Mwinyi. Ukaone nao walitawaliwa na nani.

Pwagu_wa_Reli
Na ukiwa unalalamika unalalamikia mezani, bendera juu, parafujo kwenye kiti, pesa mfukoni. Maneno yote ya Mreno.

Mwinyi_Mvita
Meza, bendera na parafujo nakupa. Gereza nakuongezea, maana ni kanisa lao tukaligeuza jela. Pesa si ya Mreno, ni ya Mhindi. Paisa.

Pwagu_wa_Reli
Peso.

Mwinyi_Mvita
Peso ni ya Mhispania, bwana!

Kandili
Turudi. Chumbageni, umesema mko watatu. Wa tatu ni mtoto au mtu mzima?

Mtoto_wa_Chumbageni
Mtu mzima. Ni mama mkwe. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua.

Kandili
Ewe Mola. Tumemaliza kurasa mbili tunampandisha ngomeni bibi wa magoti.

Mlima_Meru
Basi Gerês naiondoa.

Mkazi_wa_Setúbal
Monsanto imekufa hapo hapo. Marvão usiitaje. Mértola nayo ni miteremko, dada Bint_Shela anisamehe. Évora inawezekana, hekalu la Kirumi liko kwenye uwanja tambarare. Ila kile kikanisa cha mifupa muulize kwanza. Kuta zote ni mafuvu, na mlangoni pameandikwa kwamba sisi mifupa tuliomo humu tunaingojea yenu. Kwa miaka 71 huo si utani mzuri. Chakula atapenda: mwombeeni açorda, mkate kwenye maji ya moto yenye kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na yai, kotimiri imejaa bakuli.

Mtoto_wa_Chumbageni
Nilipomwambia Ureno jambo la kwanza aliuliza Fátima iko umbali gani. Nikadhani anatania.

Mama_Perpetua
Hatanii mwanangu. Na nyie wote mmepita hapo kimya! Nilikwenda na kikundi cha parokia yetu. Uwanja ni mpana na tambarare, viti vya magurudumu vinapita. Kuna njia laini ya watu wanaokwenda kwa magoti mpaka kwenye kikanisa cha pale Bikira Maria alipowatokea watoto watatu 1917, huyo wako mshikilie mkono asije akajaribu. Kijiji cha Aljustrel ni karibu, nyumba za wale watoto watatu zipo, vitanda vidogo, jiko jeusi kwa moshi. Hayo si mashambani unayoyatafuta?

Mkazi_wa_Setúbal
Mama amesema kweli, na mimi nilisahau. Milima ya chokaa ya Serra de Aire iko pale pale. Kuna machimbo ya zamani yenye nyayo za dinosaria, za miaka milioni 175, msururu mmoja una mita 147. Mapango ya Mira de Aire yana ubaridi mzuri Julai, ila ngazi za kushuka ni mia sita na kitu. Lifti ni ya kupandia tu.

Mlima_Meru
Yaani lifti wameweka upande mmoja? Nani alisanifu hilo?

Kandili
Chumbageni, umelipia wapi basi?

Mtoto_wa_Chumbageni
Bado. Mke wangu anasoma huu uzi sasa hivi na anacheka mno. Nimepata Évora vyumba viwili, lakini otomatiki hakuna, zimebaki za Lisbon tu na bei imeshapanda tangu jana. Mama anauliza kama Pwagu ana uhakika ile treni ina choo.

Pwagu_wa_Reli
Ina choo. Mwinyi, nimeangalia kamusi.

Mwinyi_Mvita
Ipi?